Doreen Hrycak na Kura ya Meno

Mimi ni mtu wa kanuni, na sioni haya kusema hivyo. Kwa miaka sita niliendesha mikutano ya umoja wa wanafunzi katika chuo chetu hapa Saskatchewan, na katika miaka hiyo yote sikumruhusu mtu yeyote azungumze kabla sijamtaja jina, wala apige kura bila kadi yake ya rangi ya waridi. Wanafunzi waliniita Mheshimiwa, nusu kwa heshima na nusu kwa kunisimanga. Nilikuwa nimekaa chuoni muda mrefu kuliko baadhi ya wahadhiri, nikiandika tasnifu kuhusu reli ambayo haikujengwa, na nilikuwa na hakika kwamba katika mkutano wa wanafunzi hakuna cha kumshangaza mtu. Watu huja kwa sababu ya piza, hugombana, huondoka. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka siku Doreen Hrycak aliposimama mara ya pili.

Doreen alianza chuo akiwa na miaka arobaini na sita. Kabla ya hapo alikuwa mpishi katika ukumbi wa barafu wa mji mdogo kaskazini mwa hapa, ambako watu wazima na akili zao husukuma mawe kwenye barafu majira yote ya baridi, kisha hukaa wakila perogi zilizojazwa viazi na kubishana ni nani aliyeyasukuma vizuri. Alikuwa mfupi, mpana, na mikono yake ilikuwa ya mtu aliyekanda unga tangu utotoni. Alikuja kusomea ualimu wa watoto wadogo. Kazi hiyo aliitamani tangu usichana wake, lakini kukawa na mume, kukawa na shamba, kukawa na mama mgonjwa, na vyote vitatu vilipokwisha ndipo alipojaza fomu ya kujiunga. Vijana darasani walimwita Shangazi. Aliwajibu kwamba yeye hajawahi kuwa na wapwa wavivu namna ile.

Hakuwa na meno manne ya mbele, ya juu. Ndama alimpiga teke zizini alipokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka ambao mvua ya mawe iliangusha ngano yote, na kila senti ya nyumba ikaenda kwenye mbegu. Meno yakasubiri mwaka ujao, na mwaka ujao ukawa na shida zake. Akajifunza kuishi mkono ukiwa mdomoni. Alicheka hivyo, aliuliza maswali darasani hivyo, na hata kwenye kitambulisho cha chuo amepigwa picha akiwa kama mtu anayezuia chafya. Ni mimi peke yangu, nadhani, niliyegundua kwamba Doreen aliipenda baridi. Wakati sisi wengine tunalaani Januari, yeye alitembea akiongea kwa raha zake, skafu ikiwa imemfunika hadi puani kama kila mtu.

Mkono mdomoni haukuwa tatizo mpaka alipopelekwa shuleni kwa mazoezi ya ufundishaji. Mwalimu aliyemsimamia alimweleza kwa upole kwamba watoto wa umri ule hujifunza herufi kwa kutazama mdomo wa mwalimu. Sauti ya f hutoka meno ya juu yanapogusa mdomo wa chini. Mwalimu anayeziba mdomo hafundishi, na mwalimu asiye na meno ya mbele ataonyesha nini? Doreen aliniambia habari hiyo tukiwa kwenye foleni ya kahawa, akiangalia pembeni. Alisema kwamba alikuwa amevumilia kila kitu kuhusu meno yale, lakini hakuwahi kufikiri kwamba yangekuja kumnyima watoto.

Mkombozi wake alikuwa bima ya wanafunzi. Kila mwanafunzi wa chuo chetu huilipia pamoja na ada ya muhula, atake asitake, ya dawa na ya meno pamoja, isipokuwa wale walio chini ya bima ya wazazi wao na wakakumbuka kujitoa Septemba. Bima ile ina kikomo cha kila mwaka, kwa hiyo kazi kubwa ya meno hufanywa kwa hatua. Mwaka wa kwanza daktari alimtoa Doreen mabaki ya mizizi. Mwaka wa pili alimpandikizia vishikizo vya chuma kwenye ufizi. Meno yenyewe, manne, yalikuwa yamebaki kwa Septemba inayofuata. Daktari alishachagua na rangi yake. Doreen alisema rangi hiyo inaitwa pembe ya ndovu ya asili, na kwamba maishani mwake hakuwahi kumiliki kitu chenye jina la kifahari hivyo.

Shida ilikuwa ada. Kila mwaka bima ilipanda, na majira yale ya baridi viongozi wa umoja wakataka wapewe mamlaka ya kuipandisha kila kampuni ya bima itakapodai, bila kuwauliza wanafunzi tena. Doreen alikuwa na desturi ya kuleta sufuria ya borshti siku za Alhamisi kwenye sebule ya wanafunzi, na mwenye kugawa supu hujua nani anakula kwa njaa na nani anakula kwa utamu. Miongoni mwa wenye njaa kulikuwa na binti mmoja, Shawna Ledoux, aliyekuwa akirudia bakuli mara tatu na kujifanya anaonja kama chumvi imekolea. Kabla ya Krismasi Shawna aliacha chuo. Hakuaga. Aliiacha sufuria ya Doreen mlangoni, imeoshwa ikang'aa.

Hapo ndipo Doreen alipokasirika. Bima peke yake haikumtoa Shawna chuoni, na Doreen alilijua hilo, lakini ilikuwa mzigo mmoja ambao yeye angeweza kuukamata kwa mikono yake. Akaandika hoja: ada ya bima isipande kwa mwaka zaidi ya jinsi gharama za maisha zinavyopanda, mpaka wanafunzi wenyewe wapige kura na kukubali. Kisha akazunguka kutafuta saini katika baridi ile inayofanya wino ugande. Kalamu aliipasha moto kwapani, mtu akishatia saini, Doreen anairudisha kwapani. Viongozi walionya kwamba kampuni ya bima ikibanwa bei itakata huduma. Akawauliza huduma gani, nao hawakujua. Akaniambia kwamba hilo ni zimwi la kutishia watoto, na kwamba kila mwaka linatolewa kabatini lilelile.

Mkutano ulikuwa Februari, siku ambayo magari yote uwanjani yalikuwa yamechomekwa umeme ili injini zisigande na bado nusu yake hayakuwaka. Sasa lazima niseme jambo kuhusu sisi wanafunzi wa huku. Mkutano hauwi mkutano mpaka watimie watu mia na hamsini ndani ya ukumbi. Hiyo ndiyo akidi, na akidi imeua hoja nyingi kuliko wapinzani wote. Lakini kila mwaka wanaoipinga hoja huja kuipinga. Huvaa makoti, hupambana na upepo, hujaza viti kwa hasira, na kwa kujaza viti huitimizia akidi hoja ambayo ingejifia yenyewe wangebaki nyumbani. Nimeona kosa hilo mara nyingi mpaka nikaacha kucheka. Mwaka ule viongozi walikuwa wameerevuka. Waliwanong'oneza watu wao: njooni, lakini kaeni nje, muingie tu akidi ikitimia.

Kwa hiyo nilipohesabu, ukumbi ulikuwa na watu mia na arobaini na tisa, na kwenye korido, karibu na mashine ya soda, walikuwa wamesimama watu wengine arobaini hivi, wakituchungulia kupitia kioo cha mlango kama watu wanaongoja basi. Piza zilikuwa jikoni. Tangu watu walipozoea kula na kukimbia, nilikwisha amuru kwamba hakuna kipande kitakachotoka kabla ya kura. Saa ilikuwa inakwenda. Kanuni inanipa nusu saa tu, kisha natangaza kwamba hakuna mkutano, na hoja haiwezi kurudi mpaka vuli, wakati ada ya mwaka mpya imeshapangwa na kulipwa.

Doreen alikuwa amekaa mbele, skafu shingoni, mkono mdomoni, akiutazama mlango.

Dakika zikiwa karibu kuisha, mlango ukafunguka na akaingia kijana mrefu mwenye kofia ya kampuni ya mbegu. Alikuwa Everett Pashniak, mwanafunzi wa kilimo, mtoto wa wakulima wa dengu wa upande wa kusini. Aliishika kadi yake kati ya viganja viwili, jinsi mtu anavyoshika kitu akiwa amevaa glavu nene, ila hakuwa amevaa glavu. Akaja mpaka mezani kwangu akasema nimhesabu. Kutoka korido mtu akamwita kichaa, na mwingine akamwambia arudi, hakuambiwa aingie.

Doreen akamgeukia kwa furaha akamshukuru.

"Usinishukuru, Shangazi," Everett akasema. "Nimekuja kukupinga."

"Sasa si ungebaki nje, mwanangu? Ungekuwa umeshashinda."

"Ningekuwa nimekishinda chumba kitupu. Halafu mwakani niwe naogopa kisije kikajaa. Bora nijue leo watu wanasemaje."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema hivyo katika ukumbi ule. Nilirudia kuhesabu, si kwa kuwa nilikuwa na shaka, bali kwa kuwa nilihitaji muda wa kujikusanya. Mia na hamsini. Kanuni zangu nilizozilinda miaka yote ile zilikuwa zimenifundisha jinsi watu wanavyokwepa kura. Hazikunifundisha nifanye nini mbele ya mtu anayeifuata kura inayoweza kummaliza. Nikapiga nyundo yangu mezani, na mkutano ukafunguliwa. Baada ya hapo wachache wa korido wakaingia pia, wakiwa wameinamisha nyuso.

Doreen alizungumza kwanza, mkono mdomoni, na sauti ikafifia kwenye kipaza sauti. Mara mbili nikamwomba aongeze sauti. Alizungumza habari za Shawna bila kumtaja jina, akaitaja sufuria iliyooshwa, na kila mmoja pale alikuwa na Shawna wake. Mwishoni akarudia lile la zimwi, na watu wakacheka.

Nikamwita Everett. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alikuja mezani kwangu, akaweka mikono yake juu ya kitambaa cheupe ambacho tungeandalia piza. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejikunja ndani na havikunjuki.

"Sina hotuba," alisema. "Hii ni mikono yangu nikiwa na dawa. Nadunga sindano kila baada ya wiki mbili tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Wazazi wangu ni wakulima, hawana bima ya kazini. Inayolipa ni hii ya kwetu. Nimesoma kijitabu cha bima chote, hata yale maandishi ya mwisho. Wakikata, wanaanza na dawa ghali zinazotumiwa na watu wachache. Hapa chuoni mchache huyo ni mimi. Shangazi anasema hakuna zimwi. Lipo, ila si ninyi litakaowala. Sitaki huruma. Nataka tu mkiinua kadi mjue mnainulia nini."

Akarudi akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na nadhani hakutaka yapigwe.

Kisha kura ikapigwa, na hoja ya Doreen ikapita bila shida. Sitawalaumu watu wale hata leo. Wengi wao walikuwa wakifanya kazi usiku kwenye maduka ya kahawa na kuja darasani bila kulala, na mkono ulioinua kadi ulikuwa mkono uliochoka. Nikatangaza matokeo. Watu wakapiga makofi kidogo, milango ya jikoni ikafunguka, harufu ya piza ikajaa, na foleni ikaanza kujipanga ukutani. Everett akaenda moja kwa moja hadi kwa Doreen, akampa mkono.

"Umenishinda kihalali," akamwambia. "Asante kwa kunisikiliza."

Doreen aliupokea ule mkono kwa mikono yake miwili ya kukandia unga. Nilikuwa karibu, na niliona alipouhisi. Alikuwa ameushika kwa nguvu kama alivyozoea, halafu akalegeza ghafla, akabaki ameubeba tu, kama anavyobebwa kifaranga. Everett alipouchukua mkono wake na kwenda kwenye foleni, Doreen alibaki amesimama palepale akivitazama viganja vyake.

Kisha akanijia. Nilikuwa nimeshika nyundo, nikingoja kelele zipungue nifunge mkutano.

"Mheshimiwa," akauliza, "hoja ikishapita, ndiyo basi?"

Nikamwambia ndiyo basi. Lakini mimi siwezi kumjibu mtu kanuni nusu, kwa hiyo nikaongeza: kabla mkutano haujafungwa, mtu anaweza kuomba hoja ifunguliwe upya. Ila ombi hilo linakubaliwa kwa mtu aliyepiga kura upande ulioshinda tu. Aliyeshindwa hana ruhusa, vinginevyo tungekesha.

"Kwa hiyo Everett hawezi."

"Hawezi."

"Mimi naweza."

"Unaweza, Doreen. Lakini nani mwenye akili timamu anayefungua ushindi wake mwenyewe?"

"Gonga hicho kinyundo chako," akasema.

Nikagonga. Watu wakageuka wakiwa na vipande vya piza mikononi. Mtu mmoja akauliza kwa mdomo uliojaa kama walio kwenye foleni wanahesabika katika akidi, nami nikaamua kwamba foleni iko ndani ya ukumbi, kwa hiyo wanahesabika. Nakumbuka niliona fahari kidogo kwa uamuzi huo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho siku ile nilipojiona mkubwa.

Doreen alikwenda kwenye kipaza sauti akakishika kwa mikono miwili. Yote miwili. Mdomo wake ukabaki wazi mbele ya watu mia na hamsini na zaidi, na pengo lile, lenye vishikizo vidogo vya chuma vikimeta kwenye ufizi, tukaliona sote kwa mara ya kwanza. Nilimjua miaka miwili na nusu bila kuuona mdomo wake. Hakutoa maelezo yoyote kuhusu hilo. Alikwenda moja kwa moja kwenye shughuli.

Alisema kwamba hoja ibaki ilivyo, ada isipande kiholela, Shawna mwingine asiondoke. Lakini aliomba iongezwe sentensi moja. Kama kampuni itaikataa bei yetu na ikalazimika kukata kitu, wakate meno kwanza. Waanze na kazi kubwa za meno, kisha ndogo, na dawa ya mtu yeyote isiguswe mpaka meno yote yaishe.

 Sauti ya Doreen ilikuwa nyembamba kidogo bila mkono, na maneno mengine yalitoka na upepo, na ndivyo tulivyoelewa sote, hata wasiomjua, ni meno ya nani hasa yaliyokuwa yanakatwa.

"Shangazi," msichana mmoja kwenye foleni akauliza polepole, "na ya kwako je?"

"Nimeishi bila hayo kabla wengi wenu hamjazaliwa. Hayajaniua."

Everett alikuwa amesimama. Hata sikumtaja jina, alianza kuzungumza tu, na mimi nikamwacha.

"Napinga," akasema, na uso ulikuwa umemwiva. "Sikuja hapa kuchukua meno ya mtu."

"Hunichukulii kitu, Everett. Uliingia mlango ule ukijua utashindwa. Uliingia nipate kikao changu. Basi na mimi niache niingie."

  Nimesoma historia karibu maisha yangu yote, nimesoma habari za watu waliojenga miji na waliovuka nyika hii kwa miguu, na nakiri kwamba sijawahi kuhisi nilichohisi pale, mbele ya mama mfupi mwenye skafu ya sufu na harufu ya piza nyuma yake.  Nilitaka kusimama, kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeshasimama.

Nikaita kura. Kadi za waridi zikainuka kote ukumbini, kwenye viti, kwenye foleni, nyingine zimetiwa mafuta ya jibini, na kupitia mlango uliokuwa umeachwa wazi niliona hata korido imeinua kadi, ingawa hizo sikuweza kuzihesabu. Wakati wa kuita wanaopinga, kadi moja ikainuka, imeshikwa kati ya viganja viwili. Everett Pashniak alipiga kura dhidi ya sentensi iliyoiokoa dawa yake. Nikaiandika, moja.

Katika hali ile nilisahau kutangaza kwamba mkutano umefungwa. Kwa mujibu wa kanuni, nadhani ule mkutano bado unaendelea.

Zimwi likaja kweli. Kiangazi kile kampuni ya bima ilikataa bei yetu, na ilipofika Septemba kazi zote kubwa za meno zilikuwa zimefutwa. Daktari wa meno alimpigia Doreen mwenyewe, akisikitika, akamwambia vishikizo vitafunikwa visimsumbue. Everett aliendelea kudunga sindano zake mpaka akamaliza masomo, na sasa analima dengu na baba yake. Nimemwona akiendesha mashine ya kuvunia kwa vidole ambavyo, kwa haki yote, vingekuwa vimejifunga kama ngumi. Kila vuli huleta gunia la dengu kwa Doreen, na kila vuli Doreen humlalamikia kwamba zina mawe.

Kwa habari ya Doreen nilikuwa na hofu. Alihitimu, na shule moja ya mtaa wetu ikamwajiri kwa majaribio kwa kuwa hakuna mwingine aliyeomba. Nilijua lile alilosema mwalimu wake kuhusu sauti ya f, na nilikuwa na hakika kwamba wazazi wangelalamika kabla ya Krismasi. Sikuthubutu kumuuliza. Ila mtoto wa dada yangu, Tamsin, alikuwa katika darasa lake, darasa la kwanza, na siku moja dada alipokwama kazini nikaenda kumchukua.

Nilifika kabla ya kengele, nikasimama mlangoni. Doreen alikuwa mbele ya darasa, mikono ikiwa kiunoni, mdomo wazi. Na watoto walikuwa wameketi sakafuni wakimtazama, na hapo nikaona jambo ambalo mimi na akili zangu zote, na mwalimu wake aliyemsimamia pia, hatukulifikiria. Watoto wa miaka sita hung'oka meno. Karibu nusu ya darasa lile ilikuwa na mapengo ya mbele kama yake.

"Leo zamu ya nani mwenye meno?" Doreen akauliza.

Tamsin akaruka juu. Meno yake mapya yalikuwa yameota majuma machache tu, makubwa kuliko uso. Alikwenda mbele, akageukia wenzake, akaweka meno juu ya mdomo wa chini, akatoa fff ndefu ya majivuno, na darasa zima, wenye meno na wasio nayo, likamfuata, na Doreen akiwa mmoja wao, akipuliza upepo mtupu pamoja na wenye mapengo.

Kengele ikalia. Wakati watoto wakihangaika na makoti na buti, Tamsin alibaki pale mbele akimchunguza mwalimu wake usoni, jinsi watoto wanavyochunguza bila adabu. Kisha akamshika mkono.

"Usijali, Mwalimu," akamwambia. "Hata ya kwangu yalichelewa."

Doreen akacheka, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshughulika kumfungia mtoto zipu ya koti.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nangoja."